Farasi Aliyemngoja Mzee Donal

Vijana mliobaki bandani mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani. Nilidhani mnanitania, maana nilipokuwapo hamkunisikiliza hata nilipowaambia msimwage maji mlangoni. Lakini nimeshastaafu. Nakaa chumbani kwangu huku Point, mtaa wa bandarini, asubuhi naamka saa ile ile ya kazi, navaa, kisha nakumbuka sina pa kwenda. Mikono haijui ishike nini. Basi naandika. Habari za vyeo msizitegemee, saisi hana cheo, mtunza farasi unaanza na koleo na unamaliza na koleo. Nitawaeleza habari za mtu aliyenifundisha, na za farasi wake.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu tulifuga punda, farasi nilimwona kwenye picha tu. Nilifika Durban kwa njia ambayo nikianza kuisimulia hatutamaliza leo. Nikabeba mizigo sokoni, nikafagia kiwanda kimoja huko Jacobs, hadi Mkongo niliyekuwa napanga naye chumba akaniambia kazini kwao wanatafuta mtu. Huyo ni Papa Dido, ambaye nyinyi mlimkuta ameshazeeka. Wakati ule alikuwa na nywele.

"Kazi iko," aliniambia. "Lakini ni kazi ya mavi. Utaweza?"

Nikamwambia mtu aliyekua na punda haogopi mavi.

Banda lenyewe ni lile lile, viwanda vya Jacobs upande mmoja, vilima vya Chatsworth upande wa pili, na watoto wa wenye nafasi wanaletwa Jumamosi kujifunza kupanda. Aliyenipokea langoni alikuwa mzungu mwembamba, masikio mekundu kwa jua, suruali imefungwa kiunoni kwa kamba ya nyasi kavu. Nilidhani ni kibarua mwenzetu. Sikukosea sana. Ndiye Mzee Donal, Mwairishi, msimamizi wa farasi wote pale. Tulizungumza kwa Kiingereza changu kibovu na Kizulu chake kibovu zaidi, na miaka ilivyokwenda tukawa tunaelewana bila kumaliza sentensi.

"Unajua farasi?" aliniuliza.

"Sijui. Najua punda."

"Afadhali. Wanaosema wanajua ndio wanaopigwa teke."

Siku hiyo ya kwanza alinipa brashi akanikataza kuitumia. Aliniingiza chumba kimoja na farasi mkubwa mweusi akaniambia nisimame tu, nisimguse, nisimkodolee macho, nipumue. Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Jioni yule mweusi akaja akaweka pua begani kwangu, akaniachia ute kwenye shati langu la pekee. Mzee Donal akasema sasa kesho naweza kutumia brashi.

Mengine mnayajua kwa sababu niliwafundisha, ila hamjui yalikotoka. Mkono uanzie begani uteremke mguuni, usiurukie mguu, ili farasi ajue uko wapi. Kichuma cha kuchokolea ukwato kitembee kutoka kisigino kwenda mbele, kamwe si kinyume. Tupa ikiwa butu unaitupa, hutumii nguvu badala ya makali. Ukipita nyuma yake, weka kiganja matakoni mwake na useme kitu, chochote, hata matusi, mradi kwa sauti ya upole. Mimi nilikuwa naimba kaswida, Papa Dido anaimba nyimbo za kanisani kwao. Mzee Donal alisema farasi wake sasa wana dini mbili na bado wanauma.

Habari za maisha yake nilizipata vipande vipande, akiwa ameinama na ukwato wa farasi katikati ya magoti. Akiwa wima hakusema. Huko kwao Ayalandi baba yake alikufa mapema, naye akapelekwa angali mdogo kwenye shamba la watu kuwa kibarua. Alilala juu ya banda la farasi wa kulimia, joto lao likipanda kwenye mbao ndilo blanketi lake. Alipopata umri wa kusafiri, ndugu mmoja akamwambia nchi hii ina vilima vya kijani kama vya kwao, na mashamba ya maziwa yanatafuta watu. Akaja. Akakuta ni kweli vilima vya kijani, na kazi ni ile ile.

"Maisha yangu yote," aliniambia, "nilikuwa namtandika farasi, halafu namshikilia ili mtu mwingine apande."

Kisha vikaja vita vya mpakani, huko kaskazini, kwenye nyika ambayo gari halipiti. Jeshi la serikali ya wakati ule, ile ya ubaguzi, likawa linatafuta watu wanaojua farasi. Yeye alikuwa mgeni, angeweza kurudi kwao. Lakini sajenti aliyekuja shambani alimwambia kila askari anapewa farasi wake mwenyewe. Akaenda.

Sikupenda kusikia hayo, na nilimwambia wazi. "Mzee, sisi shuleni tulikuwa tunachanga mahindi kwa ajili ya hao wapigania uhuru mliokuwa mnawawinda."

Aliendelea kupiga tupa. "Yalikuwa mahindi mazuri," akasema. "Walikuwa na mbio kuliko sisi."

Mimi sikucheka. Akamaliza ule ukwato, akaushusha chini, akanyooka huku ameshika kiuno. "Sikwenda kwa ajili ya serikali, Rama. Nilikwenda kwa ajili ya farasi. Najua kwamba hiyo si sababu." Nawaambia ukweli, wiki hiyo nilifikiria kuacha kazi. Sikuacha, kwa sababu hakunidanganya, na mimi nimefanya kazi chini ya watu wengi walionidanganya kwa mambo madogo kuliko hilo.

Miaka mingi ikapita hivyo. Halafu akaja Nora. Aliletwa kutoka mnadani akiwa mtoto wa farasi, mbavu unazihesabu, rangi ya chai ya maziwa. Mama mwenye banda alitaka kumrudisha. Mzee Donal hakuwahi kumwomba mama yule kitu, ila siku ile aliomba, na Nora akawa wake. Alimpa jina la dada yake. Watoto wa Jumamosi hawakuruhusiwa kumpanda.

Alipokomaa, nikaona anamfundisha jambo la ajabu. Anagonga debe kwa rungu, paa, kisha anamgusa nyuma ya goti la mbele. Nora anapiga magoti, analala ubavu, shingo chini kabisa. Mzee anajilaza nyuma ya mgongo wake, kimya. Baadaye Mzee anasimama, naye Nora anasimama. Siku baada ya siku, hadi ikawa hana haja ya kumgusa. Debe likilia tu, Nora yuko chini. Nikajaribu mimi kumwinua, nikavuta kamba, nikampa karoti. Alinitazama kama mtu anayetazama basi lisilo lake.

"Hatainuka kwako," Mzee akasema kutoka chini kwenye majani. "Kwenye risasi neno halisikiki wala filimbi haisikiki. Farasi anasikia mgongo wa askari wake tu. Askari akiinuka, anajua kumeshakuwa salama. Mtu mwingine hana habari naye."

"Vita vimekwisha, Mzee."

"Wewe uliviona vikiisha?"

Hapo ndipo aliponisimulia habari za farasi wake wa jeshini, wa kijivu, ambaye jina lake hakunitajia hata siku moja. Walikuwa wamelala kwenye nyasi kavu, risasi zinapita juu. Zikanyamaza. Mzee, wakati huo kijana, akadhani zimekwisha, na mguu ulikuwa umemkaza, akainuka. Yule wa kijivu akainuka pamoja naye, kama alivyofundishwa. Risasi zilizofuata zikampata farasi. "Kulala hakukumuua," alisema. "Kulala kulituokoa mara nyingi. Niliinuka mapema, ndilo lililomuua." Kisha akaniagiza nikachanganye pumba, akitaka niondoke asionekane uso.

Sasa mnajua Chatsworth, mtaa wa Wahindi, ikifika Diwali, sikukuu yao ya taa. Vilima vyote vinawaka fataki, moshi unashuka hadi kwetu. Farasi wengine wanazunguka vyumbani na kupiga milango mateke. Nora alikuwa analala chini ile fataki ya kwanza ikilia tu, na Mzee Donal alikuwa anaacha chai yake, anachukua gunia, anaenda kujilaza nyuma yake mpaka kelele ziishe. Kila mwaka. Papa Dido alikuwa anamwambia, "Mzee, bibi iko anakungoja kitandani." Mzee anamjibu kwa tusi la kwao, anaenda. Kelele zikiisha anainuka, Nora anainuka, anampangusa majani, anarudi kwenye chai iliyopoa. Tulizoea kuliona hilo hadi likawa sehemu ya Diwali kama zile sinia za peremende majirani walizotuletea.

Mwaka mmoja mapafu yalimzidi Mzee. Alikuwa anakohoa tangu baridi ianze, anasema ni vumbi la nyasi. Mwisho akaanguka akiwa na ndoo mkononi, wakamlaza hospitali. Nilikwenda kumwona, akanipa maagizo ya farasi wote mmoja mmoja, huyu tumbo, huyu meno. Juu ya Nora alisema Diwali ikikaribia tumhamishie chumba cha mwisho, tuwashe redio, tumpe nyasi kavu kwa wingi. "Lakini nitakuwa nimetoka," akaongeza. Hakutoka.

Tulifanya yote aliyosema. Redio ilikuwa inalia, dirisha tumeliziba kwa magunia. Mimi nikarudi Point, Papa Dido, ambaye siku hizo alikuwa ameshahamia pale pale bandani, akabaki.

Asubuhi nilipofika, Papa Dido alikuwa langoni na koti la Mzee Donal mwilini. Nikajua kuna jambo kabla hajafungua mdomo.

"Nora iko chini tangu jana," akasema. "Nimevaa hii koti. Nimelala naye, nimeamka, nimelala, nimeamka. Hapana. Ananiangalia tu. Iko anangoja mwenyewe."

Kwa nyinyi ambao bado mnajifunza: farasi si ng'ombe. Ng'ombe anaweza kulala kutwa akicheua. Farasi akilala muda mrefu, uzito wake mwenyewe unamuua. Damu haifiki miguuni, nyama zinaanza kufa, mapafu yanabanwa. Na Nora hakuwa kijana tena. Niliingia nikamkuta amelala ubavu wa kushoto, jasho limekaukia shingoni, macho wazi. Hakuwa na maumivu usoni. Alikuwa ametulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Tulimwita daktari wa mifugo, Daktari Nomusa, binti Mzulu ambaye wakati huo alikuwa bado mgeni kazini. Alikuja haraka. Tulimgeuza Nora ubavu wa pili, tukamwekea marobota ya nyasi mgongoni, tukapitisha mikanda chini ya kifua tukavuta sote, sisi watu wa banda. Tukamwinua kidogo, akajiachia tena, mzito.

"Hajaribu," Daktari alisema, akihema. "Farasi mgonjwa anajaribu. Huyu ana nini?"

Nikamweleza. Nilidhani atanicheka. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama miguu ya Nora, akauliza, "Huyo mzee yuko wapi?"

"Hospitali."

"Eish." Akafikiri. "Kamlete. Mimi nitafanya ninachoweza hapa. Lakini fanya haraka, Baba, miguu yake inapoa."

Nilichukua bakki ya banda, hizo pikapu, nikaendesha kama mwizi. Mzee Donal alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha. Aliponiona na buti za mpira, katika saa ya kazi, hakuniuliza nimefuata nini. Alianza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. Nesi wa zamu, mama mmoja mnene, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Huyu haendi popote. Hana pumzi ya kufika chooni."

"Sista," Mzee akamwambia, "nina mtu wangu amelala chini tangu jana."

Yule mama akanitazama mimi, akatazama buti zangu na majani yaliyoshika suruali. Sijui alielewa nini. Akamletea kiti cha magurudumu, akakisukuma mwenyewe hadi kwenye gari. "Umrudishe," akaniambia. "Umrudishe leo hii."

Njiani aliniuliza mambo mawili tu. Amelala upande gani? Nikamwambia, na kwamba tumemgeuza. Miguu ya nyuma ni ya moto au ya baridi? Nikakanyaga mafuta. Robot ya kwanza, taa za barabarani kwa huku, ilikuwa nyekundu, nikasimama. "Pita," akasema. Mtu aliyewahi kunifanya nifagie upya banda zima kwa ajili ya msumari mmoja. Nikapita.

Nora alimsikia kabla hajamwona. Kikohozi chake kilipofika kwenye korido, masikio yaligeuka yote mawili, akatoa ule mlio mdogo wa puani ambao hajautoa kwa mtu mwingine. Papa Dido akasema, "Asante Yesu," na mimi nikasema alhamdulillahi, tukaamini kwamba imekwisha.

Mzee alipiga magoti kwa shida. Hakuanza na kichwa. Alianza na miguu ya nyuma, mkono ukiteremka polepole kutoka nyongani hadi kwenye kwato, mguu mmoja, kisha wa pili. Akabonyeza nyama ya paja, akangoja. Akainua mdomo wa Nora akatazama fizi. Halafu akamtazama Daktari Nomusa, na yule binti akatikisa kichwa kidogo sana, macho yamejaa machozi.

"Nilazeni," Mzee akasema.

Tukamtandikia blanketi nyuma ya mgongo wa Nora, tukamlaza pale alipokuwa akilala kila Diwali. Akapitisha mkono juu ya shingo yake. Nora akashusha pumzi ndefu, mwili wote ukalegea. Mimi nikachuchumaa nyuma ya Mzee, nikapitisha mikono chini ya kwapa zake. Nilikuwa na nguvu wakati ule, ningemsimamisha kwa mara moja.

"Tayari, Mzee. Nikuinue?"

"Hapana."

"Ukiinuka ataamka."

"Najua. Ndiyo maana." Alikuwa anasema polepole, pumzi haimtoshi. "Miguu ya nyuma imekufa, Rama. Nikiinuka atajaribu. Atajaribu kwa nguvu zake zote, kwa sababu mimi nimesimama, na atavunjika. Yule mwingine nilimwinua. Huyu simwinui. Toa mikono."

Nikatoa. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya iliyokuwa ngumu kama kuondoa mikono ile.

"Njoo, binti," akamwambia Daktari. "Uje kwa mbele, akuone. Usiharakishe."

Daktari alipiga magoti na sindano ya kumpumzisha. Mzee aliweka mdomo karibu na sikio la Nora akaanza kumsemesha kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si Kiingereza, labda ile ya utotoni, ya kule juu ya banda. Nora alimsikiliza. Sikio moja lilibaki limegeukia kwake hadi mwisho. Papa Dido alivua kofia. Mimi nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia kwa sauti.

Alibaki amelala pale muda mrefu, na hakuna aliyemsumbua. Kisha akasema, "Sasa." Nikampitishia tena mikono nikamsimamisha. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la pumba. Akasimama akiwa ameegemea kifua changu, akimtazama Nora chini, na akangoja. Sote mle ndani tulijua anangoja nini. Kisha akageuka mwenyewe.

Nilimrudisha, kama nilivyoagizwa. Safari hii nilisimama kila robot nyekundu. Mlangoni pa hospitali yule nesi alikuwa amekwisha kukitoa kiti cha magurudumu. Nilitaka kumsindikiza hadi kitandani, nikae naye, angalau siku ile. Alinishika mkono wa shati.

"Wengine umewapa maji?"

Tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka. "Bado, Mzee."

"Na jua lote hili." Akaniachia. "Nenda."

Sikumwona tena akiwa hai. Alikufa kabla ya Jumamosi, na watoto walipokuja wakaambiwa hakuna darasa. Lakini mchana ule nilikuwa sijui. Nilirudi bandani nikafungua bomba, nikaanza chumba cha kwanza, nikaenda hivyo hivyo mlango kwa mlango. Walikuwa na kiu, kila mmoja alizamisha pua hadi machoni. Nilifika chumba cha mwisho, mikono ikienda kwa mazoea, nikaijaza ndoo mpaka juu, nikaiweka upande wa kulia wa mlango anapopenda Nora, na nikasimama kumngoja anywe.